Beryl Markham: Dame wa Farasi Aliyefukuzwa Shule, Akavuka Bahari kwa Ndege na Kushinda Derby Mara Sita

Kama umewahi kupanda basi usiku Garissa ukashukia Eastleigh asubuhi macho yamevimba, basi umewahi kuwa karibu sana na barabara inayoitwa Racecourse Road, pale upande wa Kariokor. Makanga huitaja kila siku, wachuuzi wamejaa hapo, lakini nikikuuliza hizo mbio zilikuwa za nini utaniangalia tu. Si baiskeli, si magari. Ni farasi. Kabla ya uwanja wa Ngong Road kufunguliwa mwaka 1954, farasi wa mbio walikuwa wanatimua vumbi huko Eastlands, na wazungu wa koloni walikuwa wanafurika wamevaa kofia kubwa kubwa, wanaweka dau.

Leo tunapiga stori ya mwanamke aliyejitengenezea jina kwenye hizo mbio. Anaitwa Beryl Markham. Ukimtafuta kwenye intaneti, kitu ya kwanza utaambiwa ni kwamba alikuwa rubani, mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua. Ni kweli kabisa. Lakini enyewe, ndege zilichukua miaka michache tu ya maisha yake. Hiyo ingine yote ilikuwa farasi. Farasi walimlisha akiwa msichana, na wakamlisha tena akiwa nyanya mwenye mvi.

Na kabla mtu aseme haya mambo ya farasi hayatuhusu sisi watu wa ngamia na punda, hebu ngoja kidogo. Mbio za kwanza kabisa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1900, hazikuwa na farasi wa kifahari. Wengi walikuwa farasi wadogo wa Kisomali na wa Kihabeshi, wale wagumu wa kuvumilia kiu, walioletwa kutoka kaskazini. Hata wale farasi wa mbio ambao Waingereza hujidai nao, ukifuata ukoo wao kwa upande wa baba unafika kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Waarabu na Waturuki karibu miaka 300 iliyopita au zaidi. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria. Kwa hivyo hao farasi ni wa watu wa jangwa tangu zamani. Mzungu aliongeza tu daftari na saa.

Kuna kiungo kingine. Lord Delamere, baba wa masetla wote Kenya, hakuingia hii nchi kwa kupitia Mombasa. Alitoka Berbera akiwinda na ngamia wake na wafanyakazi Wasomali, akapita Marsabit, na mwaka 1897 akafika nyanda za juu, akaziona kijani kibichi, akachizi nazo. Baadaye alijichukulia ardhi kubwa Njoro. Huko Njoro ndiko stori yetu inaanzia.

Beryl alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, Uingereza. Budake aliitwa Charles Clutterbuck, mtu wa farasi mpaka kwenye mifupa. Alikuja Kenya mwaka 1904, akapata kazi kwa Delamere, halafu akaanzisha shamba lake hapo hapo Njoro. Familia ikamfuata. Mathe akaangalia hiyo nyumba ya udongo, akaangalia vumbi, akaona hapana. Mwaka 1906 akarudi Uingereza na kaka ya Beryl. Beryl akaachwa. Alikuwa hajafika miaka minne. Hebu tulia na hiyo kidogo. Mama anachukua mtoto mmoja, anaacha mwingine bara lingine. Watu waliomjua Beryl ukubwani walikuwa wanasema ni mtu baridi, ati hapendi mtu kwa muda mrefu. Mimi si daktari wa akili, lakini sioni hapo kitendawili.

Aliyemlea hasa ni shamba. Watoto aliocheza nao walikuwa wa Kikalenjin, watoto wa wafanyakazi wa babake. Aliongea Kiswahili na lugha yao kabla Kiingereza chake hakijanyooka. Alijifunza kuwinda kwa mkuki na mbwa, kuruka juu kama wavulana, kutembea bila viatu. Rafiki yake mkubwa alikuwa kijana anaitwa Kibii. Huyu Kibii shika jina lake, atarudi. Halafu kulikuwa na ile siku simba wa kufugwa wa jirani yao, bwana Elkington, alimrukia akiwa mtoto. Simba anaitwa Paddy, kila mtu alikuwa anasema ni mpole. Mpole wapi! Beryl alipona na makovu, na hakuacha kwenda porini.

Shule sasa. Walimpeleka Nairobi akafukuzwa. Kwa hesabu zote alisoma miaka michache tu. Wale wasee mmeacha chuo njiani kama mimi, msianze kujipa moyo sana, maana huyu dame alikuwa na shule yake nyingine nyumbani. Alfajiri budake alikuwa anamtoa kitandani kwenda zizini. Akiwa mdogo alikuwa anapanda farasi ambao wanaume wazima walikuwa wanawaogopa. Alikuwa anajua farasi anayekataa chakula ana shida gani, mguu wenye joto unamaanisha nini, mtoto wa farasi anatolewa vipi kama amekaa vibaya tumboni. Hiyo elimu haina cheti, lakini ilikuwa elimu.

Oktoba 1919, kabla hajatimiza miaka 17, aliolewa na jamaa anaitwa Jock Purves, mwanajeshi na mchezaji raga, aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa haikushika. Na wakati huo huo mambo ya budake yakaenda mrama. Mzee Clutterbuck alikuwa na mashine za kusaga na alikuwa ameweka sahihi kuuza unga kwa bei fulani. Mvua ikakataa. Bei ya mahindi ikapanda, na yeye akabaki amefungwa na mkataba wa bei ya chini. Kila gunia lilikuwa hasara. Akafilisika, akauza karibu kila kitu, akaenda Peru kufunza farasi wa watu wengine. Ndio, Peru, Amerika ya Kusini. Beryl akabaki Kenya.

Kulingana na kitabu chake, aliondoka Njoro akiwa juu ya farasi mmoja anaitwa Pegasus, na mifuko miwili tu ya vitu vyake, akapanda mlima kuelekea Molo. Pegasus ni jina la yule farasi wa hadithi za Wagiriki mwenye mabawa. Huwezi kutunga kitu kama hicho kuhusu mtu ambaye baadaye atakuwa rubani. Huko Molo akaanza kufunza farasi kama kazi. Akiwa na miaka 18 hivi alikuwa ameshapata leseni, mwanamke wa kwanza Kenya kupewa leseni ya kufunza farasi wa mbio.

Kibii akamfuata huko. Wakati huu alikuwa ametahiriwa, ni mwanaume, na jina lake ni arap Ruta. Akawa mkono wake wa kulia zizini, na baadaye hata kwenye ndege. Hapa lazima tuongee ukweli kidogo. Mbio za farasi Kenya ya ukoloni zilikuwa starehe ya wazungu. Kazi iliyokuwa wazi kwa Mwafrika ilikuwa ya saisi: kulala zizini, kusugua, kulisha, kutembeza farasi saa kumi na moja asubuhi kwenye baridi ya Molo. Beryl na Ruta walikuwa watoi pamoja, walicheza mieleka pamoja, walijua farasi pamoja. Mmoja akapata leseni na picha kwenye gazeti. Mwingine akawa mtumishi wa mwenzake. Kwenye kitabu Beryl anamsifu sana Ruta, tena kwa heshima. Lakini kitabu ni chake.

Na kwa watu wa huku kwetu kuna hesabu nyingine. Mwaka ule ule Beryl anazaliwa, 1902, serikali ya koloni ilitoa sheria ya kufunga wilaya za pembezoni. Kaskazini yote ikawa eneo lililofungwa, hutoki wala huingii bila kibali. Awowe akitaka kuteremsha mifugo kwenda kuuza, kibali. Wakati huo msichana wa miaka 18 anapanda farasi wake Njoro anaenda Molo, akitaka Nairobi anaenda Nairobi, akitaka leseni anapewa. Simsemi kwa ubaya, sheria hakuitunga yeye. Lakini mtu akisema Beryl alianza bila kitu, mwambie alianza na kitu kimoja kikubwa.

Haya, turudi uwanjani. Watu huchanganya joki na mkufunzi. Joki ndiye yule mtu mwepesi unayemwona juu ya farasi amejikunja kama kamba. Kazi yake ni dakika mbili tatu. Mkufunzi ni miezi. Ndiye anaamua farasi akimbie umbali gani leo, apumzike lini, ale shayiri kiasi gani, avae kiatu gani, apandwe na nani. Asubuhi anashika miguu yote minne na kiganja, anatafuta joto, maana joto kwenye mshipa wa mguu ni kama taa nyekundu ya ndai. Ukilipuuza, farasi anavunjika na pesa ya mwenyewe imeenda. Beryl alikuwa anapanda mazoezini mwenyewe, jambo ambalo wakufunzi wengi wa wakati huo waliachia vijana.

Mechi iliyomtoa ilikuwa St Leger ya Afrika Mashariki, Nairobi, katikati ya miaka ya 1920. Hii stori ameieleza mwenyewe kwenye kitabu na ni tamu kuliko muvi. Alikuwa na dume mmoja anaitwa Wrack, amemtengeneza kutoka mwanzo mpaka kila mtu anamtabiria ushindi. Ikabaki wiki kumi na mbili. Umbea ukaanza Nairobi: ati farasi mzuri hivyo anaachiwaje msichana? Mwenye farasi akaingiwa na baridi, akamchukua Wrack akampeleka kwa mkufunzi mwingine. Mwanaume, bila shaka. Kazi yote ameifanya yeye, sifa inaenda kwa jirani.

Akabaki bila farasi wa kuingiza mbioni. Halafu mwenye farasi mwingine, Eric Gooch, akamletea jike anaitwa Wise Child. Damu nzuri, moyo upo, lakini mishipa ya miguu ilikuwa imeshaharibiwa na mkufunzi aliyemkimbiza sana mapema. Farasi mwenye miguu kama hiyo hukimbizwi kwenye ardhi ngumu, na bila kukimbizwa hapati pumzi. Hapo ndipo utaona ujuzi. Beryl na Ruta walimfanyisha mazoezi mahali penye udongo laini, polepole, wakimfunga bandeji, wakimsugua, kila siku wakipima kama miguu itaweza siku moja zaidi. Lengo halikuwa kumponya. Lilikuwa kumfikisha kwenye mstari wa kuanzia akiwa na mbio moja tu iliyobaki miguuni.

Joki alikuwa Sonny Bumpus, kijana aliyejua kutulia. Na huo ndio ujoki wenyewe, wasee. Kupiga kiboko kila mtu anaweza. Wrack akatoka mbele kama kawaida yake, mkubwa, ana nguvu, umati unashangilia. Bumpus akamshikilia Wise Child nyuma, hamharakishi, anaokoa ile miguu. Mwisho wa mbio akamwachilia. Miguu ikiwa imeanza kumsaliti, jike bado akamshinda dume. Kulingana na kitabu, alivunja rekodi ya hiyo mbio. Yule dume Beryl aliyenyang'anywa akapigwa na mgonjwa aliyeokotwa.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena msichana atawezaje.

Wanaume sasa, najua mnangoja hiyo sehemu. Mwaka 1927 aliolewa na Mansfield Markham, Mwingereza mwenye doo, ndipo akapata hilo jina la Markham. Mwaka uliofuata wana wa mfalme wa Uingereza wakaja Kenya kuwinda, na mmoja wao, Prince Henry, Duke wa Gloucester, akamwona Beryl. Kilichofuata kilifika mpaka London. Mtoto wa Beryl, Gervase, alizaliwa mwaka 1929, na midomo ikapiga hesabu ya miezi. Hesabu zenyewe hazikuingia, maana mimba ilikuwa imeshashika kabla ya prince kutua Kenya. Mume naye akatishia kumtaja mwana wa mfalme mahakamani kwenye talaka. Ili stori isifike magazetini, zikawekwa pesa za kumpa Beryl paundi 500 kila mwaka. Mwaka 1929 hiyo ilikuwa chapaa ya maana. Shida ni kwamba haikuongezwa. Miaka hamsini baadaye ilikuwa bado 500, na bei ya kila kitu Nairobi ilikuwa imepaa.

Mtoto alibaki Uingereza akalelewa na nyanya yake wa upande wa baba. Beryl akarudi Kenya. Alifanya kile alichofanyiwa na mathe, na hapo sina cha kumtetea.

Alirudi akakuta watu wake wa karibu wamechizi na ndege. Tom Campbell Black ndiye alimfunza kuruka. Denys Finch Hatton, yule mwindaji ambaye filamu ya Out of Africa inamhusu, naye alikuwa na ndege, na Beryl alikuwa anampenda hata kama Karen Blixen naye alikuwa anampenda. Kulingana na Beryl, Denys alimwalika waende pamoja Voi Mei 1931, na Campbell Black akamzuia, ati ana hisia mbaya. Tarehe 14 Mei ndege ya Denys ilianguka ikaungua Voi. Alikufa na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Kwenye hadithi nyingi za huo mkasa utasoma kurasa kumi za Denys na mstari mmoja wa Kamau.

Beryl hakuogopa. Akapata leseni ya kuruka kibiashara, akawa anabeba barua, abiria, dawa, na kutafutia wawindaji ndovu kutoka angani, kazi hatari ambayo leo ingempeleka ndani. Tarehe 4 Septemba 1936, jioni, akapaa kutoka Abingdon, Uingereza, na ndege ya kukopeshwa aina ya Vega Gull, inaitwa The Messenger. Kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi ni kupigana na upepo njia nzima. Hakuwa na redio. Baada ya zaidi ya saa ishirini, mafuta yakakataa kufika kwenye injini, ikazima, akaangukia kwenye kinamasi mahali panaitwa Baleine, Nova Scotia, Kanada. Alitoka na jeraha la kichwa na miguu ya matope. New York wakampokea kama malkia. Wiki mbili baadaye Campbell Black akafa kwenye ajali ya ndege Liverpool. Raha yake ilidumu siku hizo tu.

Baadaye akahamia Marekani. Mwaka 1942 akatoa kitabu, West with the Night, mwaka huo huo akaolewa na mwandishi anaitwa Raoul Schumacher. Ernest Hemingway alimwandikia mhariri wake akikisifu kitabu kwa wivu wa wazi, huku akimsema vibaya Beryl kama mtu. Lakini dunia ilikuwa vitani, nani anasoma? Kikapotea madukani. Baadaye wengine walidai Schumacher ndiye aliandika. Wanaomtetea Beryl wanasema sehemu kubwa ilikuwa imeshafika kwa wachapishaji kabla hata hawajajuana vizuri. Mimi kura yangu iko kwa Beryl. Ile sehemu ya Wise Child inajua mguu wa farasi kutoka ndani, na Schumacher hakuwahi kulala zizini Molo.

Ndoa ikaisha, pesa ikaisha, umaarufu ukaisha. Karibu mwaka 1950 akarudi Kenya, umri unakaribia hamsini, hana shamba, hana ndege, watu wengi wa enzi zake wamekufa au wamehama. Akafanya kitu kimoja alichokuwa anajua. Akaingia zizini.

Kwangu hii ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake na ndiyo watu huiruka. Kuwa staa ukiwa na miaka 24 ni kitu. Kurudi ukiwa na hamsini na kuwapiga vijana ni kitu kingine kabisa. Alianza polepole, farasi wachache, halafu akahamia Naivasha kwa Mdenmaki mmoja anaitwa Jorgen Thrane, waliyeshirikiana kwenye shamba karibu na ziwa. Udongo ulikuwa mzuri, maji yapo, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 farasi wake wakaanza kuvuna kila kikombe. Kenya Derby, ile mbio kubwa kuliko zote nchini, ya farasi wa miaka mitatu, alishinda mara sita. Sita! Kuna wakufunzi wanafuga farasi maisha yao yote hawaigusi hata moja.

Joki wake wa miaka hiyo mizuri alikuwa Buster Parnell, mtu mwenye mdomo na kipaji. Wakawa wanagombana, wanapatana, wanashinda. Waliofanya kazi na Beryl walisema alikuwa ngori. Akiona ndoo ya maji haijasafishwa vizuri unasikia habari yako. Anaweza kukutimua asubuhi na kukuuliza mchana mbona haupo kazini. Lakini farasi wake walikuwa wanafika uwanjani wanang'aa kama wamepakwa mafuta, na wakati mbio zinaamuliwa mita mia mbili za mwisho, wao walikuwa bado wana pumzi. Wapinzani walinong'ona kuhusu madawa ya siri na dawa za miti shamba. Kitu ambacho kilionekana kwa macho ni kwamba aliamka mapema kuwaliko.

Uhuru ulipokuja 1963 masetla wengi walifunga virago. Naye katikati ya miaka ya 1960 akahamia Afrika Kusini na farasi wake. Huko mambo hayakumwendea. Karibu mwaka 1970 akarudi Nairobi, na safari hii hakuwa na shamba la mtu wa kumshika mkono. Jockey Club of Kenya ikamruhusu kuishi kwenye nyumba ndogo karibu na uwanja wa Ngong. Ile ya 500 kwa mwaka ilikuwa haifiki mbali. Wezi waliingia kwake wakampiga vibaya. Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, alikuwa barabarani Nairobi akiendesha gari wakati kila mtu mwenye akili amejifungia, na gari lake likapigwa risasi. Akapona. Alikuwa na miaka 79, na bado alikuwa na farasi wa kufunza.

Halafu bahati ikakumbuka njia. Mwenye mkahawa mmoja wa California, George Gutekunst, alisoma ile barua ya zamani ya Hemingway, akajiuliza hiki kitabu kiko wapi. Akakitafuta, akakisoma, akakimbilia kwa wachapishaji. Mwaka 1983 kikatoka upya na mara hii kikauzika kama mkate. Pesa ikaanza kuingia kwa bibi kizee ambaye alikuwa anaishi kwa hisani ya klabu. Wageni wakaja na kamera kumrekodi filamu ya maisha yake. Out of Africa nayo ikatoka 1985, na ndani yake kuna msichana wa farasi anaitwa Felicity ambaye wengi wanasema ni Beryl amebadilishwa jina. Hata kwenye sayari ya Zuhura kuna shimo kubwa lililopewa jina la Markham kwa heshima yake.

Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83. Miaka hiyo ya mwisho, kutoka ile nyumba yake, asubuhi na mapema alikuwa karibu vya kutosha na uwanja kusikia kwato wakati masaisi wanawatoa farasi kwa mazoezi.